Simba Wengi, Elsa Mmoja

Ukiipata filamu ya Born Free, itazame mara mbili. Mara ya kwanza iache ikuchukue inavyotaka. Muziki wa John Barry, uliompatia tuzo mbili za Oscar, utakuelekeza pa kufurahi na pa kulengwalengwa na machozi. Mara ya pili zima sauti. Usikilize violini wala maneno, tazama miili tu: simba jike anakuja, mwanamke amesimama, simba anasita, ananusa, kisha anamwegemea kwa uzito wake wote, na mwanamke haondoi mguu. Simba jike aliyekomaa huzidi kilo 100. Asiyejua kupokea uzito huo ataanguka, na kuanguka mbele ya simba ni kumwalika aje acheze juu yako.

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Mwaka 1956, kaskazini mwa Kenya, bwana nyama George Adamson alimpiga risasi simba jike, kisha akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Yeye na mkewe Joy wakawalea. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alibaki, na baadaye akarudishwa porini huko Meru. Joy aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1960, na filamu ikafuata mwaka 1966. Lakini Elsa alikufa Januari 1961. Kwa hiyo kamera zilipowekwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, mhusika mkuu alikuwa kaburini miaka kadhaa, na ilibidi atafutwe mwingine wa kuishika nafasi yake.

Hapo mwanzo waandaaji walileta simba wa sarakasi. Simba wa sarakasi ana elimu yake: anajua ishara, anajua sauti, na zaidi ya yote anamjua mkufunzi wake. Shida ni kwamba mkufunzi hawezi kuonekana kwenye picha. Filamu ilimtaka Virginia McKenna, aliyemwigiza Joy, atembee na simba mbugani wakiwa wawili tu, na simba aliyefunzwa kumtii mtu mmoja hana ahadi yoyote na mtu wa pili. Simba hao wakawekwa kando. Adamson, aliyeajiriwa kuwa mshauri, akaigeuza kazi nzima ifuate njia anayoijua yeye: watafutwe simba ambao hawakufundishwa mchezo wowote, ila wamelelewa karibu na watu.

Kiswahili kinaitenganisha vizuri njia hii na ile ya kwanza. Kufunza kuna anayejua na anayeambiwa. Kuzoeana kuna wawili, na ile -ana ya mwishoni inadai kila mmoja atoe sehemu yake. Simba anakuzoea wewe, nawe unamzoea yeye, na hakuna mjeledi unaoweza kuiharakisha shughuli hiyo.

Simba walikusanywa huku na kule. Boy na dada yake Girl walikuwa wanyama wa fahari wa kikosi cha Scots Guards kilichokuwa Kenya. Ugas alitoka kwenye kituo cha wanyama mayatima cha Nairobi. Henrietta alitoka Uganda. Adamson hakuanza kwa kuwaamrisha. Alianza kwa kuwatazama, siku baada ya siku: nani mchezaji, nani mwenye wivu, nani hapendi kelele, nani akiona kitu kinakimbia hawezi kujizuia. Kisha akalinganisha tabia na onyesho. Kama hadithi inataka Elsa awe mpole, analetwa mpole. Kama inataka Elsa mtundu, mtundu yuko tayari, na kinachobaki ni kumwekea utundu wake mahali kamera inapoweza kuuona.

Waigizaji nao walipitia darasa hilohilo. McKenna na Bill Travers, aliyemwigiza George, walikuwa mke na mume hata nje ya filamu, na kwa muda mrefu kazi yao ilikuwa kutembea tu. Asubuhi wanatoka na simba, Adamson yuko karibu, na kamera haijafunguliwa. Wanajifunza kutokimbia, kutochutama ovyo, na kutompa simba mgongo anapoanza kunyemelea kwa mchezo. Wanajifunza pia salamu: simba akikusugua kwa kichwa anakuhesabu wa kwake, na ukijikunja kwa woga umeikataa salamu hiyo. McKenna alivunjika kifundo cha mguu simba mmoja alipomparamia. Alipopona alirudi kwa simba wale wale. Sijui kama ujasiri ndilo neno lake. Naona ni kama fundi aliyekatwa na patasi, anafunga kidonda na kurudi kwenye ubao.

Halafu inakuja siku ya kupiga picha, na hapo ndipo subira inapimwa kwa dakika. Simba hulala sehemu kubwa ya siku. Jua la saa sita likiwaka, hakuna nyama wala jina litakalomwinua. Kazi inabaki alfajiri na jioni, na kwa bahati njema hizo ndizo saa ambazo mwanga wa mbuga ni mzuri kuliko wakati wowote. Wapigapicha, chini ya Kenneth Talbot, walifanya kazi nyuma ya waya: binadamu tunduni, simba nje. Na kamera za wakati ule zilikula filamu halisi. Gurudumu kubwa la kawaida, lenye mita zipatazo 300, huisha kwa dakika 11 hivi. Huwezi kuiacha kamera ikiendelea kutwa huku ukimsubiri simba aamue. Lazima usome sikio, mkia, na namna anavyohamisha uzito kwenye miguu ya mbele, ndipo ubonyeze kabla hajainuka. Ukichelewa, umepiga picha ya mgongo wa simba anayeondoka.

Tazama sasa ile sehemu ya pwani, simba anapocheza majini na wenyeji wake. Mawimbi yanamshtua, anaruka nyuma, anarudi. Mwongozaji James Hill hakuweza kumwambia arudi. Alichoweza ni kuchagua ufuko, kuchagua saa, na kuwaweka mbele yake watu ambao simba huyo angependa kuwafuata hata majini. Wakati huohuo waigizaji wanasema maneno yao, wanakumbuka kamera iko wapi, na bado jicho moja haliachi kumwangalia mnyama. Ni kama mama anayesonga ugali huku akimlinda mtoto anayetambaa karibu na jiko: mazungumzo yanaendelea, mwiko unazunguka, na mguu umeshatangulia kuziba njia.

Kazi ya mwisho ilifanyika mezani. Simba mchanga hukua upesi, hasubiri ratiba, kwa hiyo Elsa wa mwanzo wa filamu hawezi kuwa Elsa wa mwisho. Hata Elsa mkubwa ni wengi. Mhariri Don Deacon aliwashona pamoja: huyu anageuza shingo, yule anashuka kilimani, na sisi tunaapa kwamba tumemwona mmoja. Watafiti wa simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi walieleza mwaka 1970 kwamba kila simba ana mpangilio wake wa vidoadoa mashavuni, pale sharubu zinapoota, kama alama za vidole kwetu. Nilijaribu kuisimamisha picha na kuvihesabu. Nilipofika kwa Elsa wa tatu nikaacha, maana nilikuwa naufumua mshono nilioupenda.

Mshono mmoja unaniudhi, hata hivyo. Peter Lukoye anamwigiza Nuru na Omar Chambati anamwigiza Makedde, wasaidizi wa akina Adamson, na wote wawili hawana maneno mengi ya kusema. Nuru wa kweli ndiye aliyekaa na Elsa tangu udogoni, kutwa nzima, kazi ambayo ndiyo chanzo cha kuzoeana kote ninakokusifu hapa. Kamera iliyoweza kumsubiri simba ingeweza kumsubiri na yeye kidogo.

Filamu ilipokwisha, wengi wa simba walipelekwa kwenye bustani za wanyama, hao hao walioigiza hadithi ya kuachiwa huru. Adamson aliomba apewe baadhi, akapata Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru, kwenye nchi ya Elsa. Huko hapakuwa na tarehe ya kumaliza. Simba waliozoea kuletewa nyama walipaswa kujifunza kuitafuta, na yeye alipaswa kujifunza kukaa mbali nao hatua chache zaidi kila baada ya muda. Alfajiri alitoka nao kambini, mzee mwenye ndevu na kaptula, na walipoanza kunyemelea kitu majanini alisimama alipo, akasubiri.