Najaf hadi Karbala katika Joto la Agosti: Jasho, Chumvi na Mwendo wa Usiku

Kwa miaka michache ijayo, wanaokwenda Karbala kwa miguu watakutana na jua kali kuliko walilolizoea waliowatangulia miaka michache tu iliyopita. Arbaeen, yaani arobaini ya Imamu Hussein, huangukia tarehe 20 Safar, na kwa kuwa mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, siku hiyo imekuwa ikirudi nyuma: mwaka 2022 ilikuwa katikati ya Septemba, 2024 mwishoni mwa Agosti, 2025 katikati ya Agosti, na sasa inaelekea Julai. Hicho ndicho kipindi ambacho mchana wa Najaf hukaribia nyuzijoto 45 na mara nyingine kuzipita. Miongoni mwa mamilioni wanaoishika njia ya Najaf hadi Karbala, Iraki, wamo mazuwari, yaani wanaokwenda kuzuru, wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Maandalizi yao ninayoyasikia ni ya viza, tiketi na mkoba. Mwili unaachwa uende ulivyo.

Mtu wa pwani huamini kwamba joto analijua, na kweli analijua la aina moja. Mombasa mwezi Machi hewa imejaa unyevu, jasho likitoka halikauki, linachuruzika hadi shati linanata mgongoni. Iraki hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hugeuka mvuke kabla hujaliona. Shati linabaki kavu, chumvi nyeupe inajichora kwapani, na mtu anasema leo hata sikutoka jasho. Mizani ndiyo itakayomwambia kweli. Mwanamume wa kilo 70 akitembea saa moja juani, akanywa nusu lita njiani, kisha akapima kilo 69.3, amepungukiwa gramu 700 juu ya zile 500 alizokunywa. Hiyo ni lita 1.2 ya jasho kwa saa moja, na shati lake kavu. Kungoja kulowa, au kungoja kiu, ndiko kunakowaangusha wageni.

Lakini ukavu huohuo ndio unaofanya safari iwezekane. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi, na hewa kavu huyapokea kwa wingi. Katika nyuzi 45 na unyevu wa asilimia 12 hivi, leso iliyoloweshwa na kutundikwa kivulini penye upepo hupoa hadi karibu nyuzi 22. Mombasa ya Machi, yenye nyuzi 32 tu, leso hiyohiyo haishuki chini ya 27. Ndiyo maana feni za kunyunyizia maji zilizowekwa kwenye mawkib, vile vituo vya kuwahudumia mazuwari bure, zinafanya kazi vizuri mno. Feni isiyo na maji ni jambo jingine: hewa ya nyuzi 45 ina joto kuliko ngozi, kwa hiyo ikimpiga mtu aliyekauka inampasha moto badala ya kumpoza. Na umeme si wa kutegemea. Tarehe 12 Agosti 2025, siku chache kabla ya Arbaeen, ulikatika katika sehemu kubwa ya kati na kusini mwa Iraki. Leso mbili za pamba na chupa ndogo ya kunyunyizia havihitaji umeme, na kwa maoni yangu vina thamani kuliko kifaa chochote cha bei kinachouzwa kwa wasafiri.

Dada wengi huuliza kuhusu abaya nyeusi. Jibu lilipatikana zamani katika jangwa la Negev, na mwaka 1980 jarida la Nature likachapisha matokeo: watafiti walipima joto chini ya majoho meusi na meupe ya Wabedui, wakakuta ngozi inapokea joto lilelile. Weusi ulinyonya joto zaidi, lakini hewa iliyopita kati ya vazi na mwili ililichukua kabla halijafika ndani. Sharti ni vazi liwe pana. Abaya inayobana, yenye blauzi ya nailoni chini yake, haina nafasi hiyo ya hewa.

Sasa maandalizi ya nyumbani, ambayo ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Mwili hujifunza joto kwa siku 10 hadi 14 ukipashwa kila siku kwa saa moja au saa moja na nusu. Damu huongezeka maji, moyo hupunguza mapigo kwa mwendo uleule, jasho huanza kutoka mapema na chumvi yake hupungua. Tatizo ni kalenda. Julai na Agosti kwetu ni kipupwe. Anayeondoka Nairobi anaacha mchana wa nyuzi 22 au zaidi kidogo. Hata wa Dar anaacha msimu wake wa baridi. Kwa hiyo joto lazima litengenezwe. Wa pwani atembee saa nane mchana badala ya alfajiri. Wa Nairobi au Arusha atembee haraka amevaa koti, kisha, kama ana beseni la kuogea, ajilaze ndani ya maji ya nyuzi 40 kwa hadi dakika 40 akiwa bado na joto la mazoezi. Njia hii ilijaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, na kuonekana inaleta faida ndani ya siku 6. Asifanye peke yake nyumbani, na mwenye ugonjwa wa moyo asiifanye kabisa. Mazoezi haya yaishe siku mbili tatu kabla ya kupanda ndege, maana faida yake huyeyuka ndani ya wiki chache.

Njia yenyewe ni kilomita 80 hivi, na sehemu yake kubwa ina nguzo zilizopewa namba hadi 1,452. Kati ya nguzo na nguzo ni karibu mita 50, hivyo nguzo 20 ni kilomita moja. Hiyo ni saa na ramani kwa pamoja. Mwendo wa nguzo 80 kwa saa ni kilomita 4. Ukigawa nguzo hizo kwa usiku tatu unapata nguzo 484 kila usiku, yaani saa 6 za kutembea. Jua hutua karibu saa moja usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo anayeanza saa mbili usiku ana saa 3 za kupumzika na bado anafika kituoni kabla jua halijatoka. Msongamano ukizidi karibu na Karbala, punguza nguzo za usiku wa mwisho na uzisogeze kwenye ule wa kwanza. Iko pia njia ya kandokando ya Mto Furati, ndefu kidogo, yenye mitende. Anayelazimika kutembea asubuhi apite huko.

Maji hayakosekani, yanagawiwa kila hatua chache. Kinachokosekana ni chumvi. Lita moja ya jasho hubeba gramu 2 hadi 3 za chumvi, na mtu akijaza tumbo kwa maji matupu na chai ya sukari usiku kucha, damu yake huzimuliwa: kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanamwongezea maji. ORS za pakiti ziwe mfukoni. Zikiisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukipewa mtindi wa chumvi au achari, usikatae.

Kwenye miguu kuna mgongano ambao wengi hawauoni: maji yanayokupoza ndiyo yanayolowesha soksi, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa hutoa malengelenge. Jinyunyizie kichwani, shingoni na mikononi, si chini ya kiuno. Badilisha soksi kila kituo. Raba ziwe zimeshatembelewa, na kubwa kwa nusu namba kwani mguu huvimba. Aliyeweka nadhiri ya kutembea peku aitimize usiku, lami ikishapoa, na mwenye kisukari amwone kwanza daktari na mwanachuoni wake, maana ganzi ya nyayo humficha kidonda. Daktari huyohuyo aulizwe pia kuhusu vidonge vya presha vinavyokojoza.

Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba au kukosa kujua aliko, usimwambie akaze mwendo. Hilo ni pigo la joto, na linaua hata kama mwili bado unatoka jasho. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma, huku mwingine akikimbilia hema la matibabu. Usimnyweshe akiwa hajitambui. Apoe kwanza, ndipo abebwe.