Wang'oa Pini Zenye Kutu

Septemba 1965, wachuma zabibu wa Delano, California, waligoma: Wafilipino kwanza, kisha Wameksiko. Mgomo uliendelea hadi 1970, na wachumaji hawakuubeba peke yao. Wanafunzi, mapadre na masista walisimama milangoni mwa maduka ya miji ya mbali, wakiwasihi wanunuzi waziache zabibu. Wengi wa waliojitolea walipewa malazi, chakula na dola 5 kwa wiki.

Nyaraka za chama cha wachumaji hao zinatunzwa Detroit, katika Maktaba ya Walter P. Reuther ya Chuo Kikuu cha Wayne State. Karatasi za harakati haziji zimepangwa. Huja zimeshindiliwa maboksini, risiti juu ya barua juu ya vipeperushi, na mtunza nyaraka hukaa kitako akang'oa pini moja moja kabla kutu haijatoboa karatasi. Kipande cha gazeti hukitenga, maana asidi yake huunguza barua iliyolala jirani. Kanda ya sauti ya saa moja humdai saa nzima, hakuna mkato. Picha isiyoandikwa kitu nyuma (na nyingi haziandikwi) inaweza kummalizia siku kadhaa.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuamua kipi kifungwe kisisomwe na wageni. Barua ya mhamiaji asiye na vibali ni historia, lakini pia ina anwani yake. Kwa hiyo mtunza nyaraka husoma hata makaratasi ambayo huenda asitokee mtu wa kuyaomba.