Tuksedo si Suti Nyeusi Tu

Bwana harusi akiingia ukumbini, Dar es Salaam au Nairobi, amevaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, wageni husema amepiga tuksedo. Mara nyingi sivyo. Rangi na tai havitoshi. Tuksedo hutambulika kwa ushonaji wake.

Fundi huanzia kifuani. Mapindo ya kola hufunikwa kwa hariri, ama satini inayong'aa ama ile iliyofumwa kwa mistari midogo isiyometameta sana. Vifungo navyo huvishwa kitambaa hichohicho. Suruali hupachikwa utepe mmoja wa hariri juu ya mshono wa nje, kutoka kiunoni hadi chini, na haiwekwi lupu za mkanda, kwani hushikiliwa na suspenda au vibana vya pembeni. Koti la jadi halina mpasuo nyuma wala vifuniko vya mifuko. Chochote kinachokatiza umbo la mvaaji huondolewa au hufichwa, na hapo ndipo ustadi ulipo. Hata kiuno huzibwa kwa kizibao, au kwa mshipi mpana wa marinda ambao maofisa wa Kiingereza waliuiga India, ili shati jeupe lisichungulie chini ya kifungo.

Koti hili lilizaliwa kwa kutafuta nafuu.

Jioni rasmi za mabwana wa Uingereza zilidai koti lenye mkia. Mwaka 1865 mafundi wa Henry Poole, London, walimshonea mtoto wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, koti fupi la bluu la kulia chakula cha jioni kwake Sandringham. Jina lilipatikana Marekani, katika kijiji cha Tuxedo Park, New York, ambako klabu ya matajiri ilianza mwaka 1886 na wanachama wake wakalipenda koti la namna hiyo.

Weusi wenyewe si sharti. Chini ya taa za umeme kitambaa cheusi huweza kuonekana kina ukijani, ilhali bluu iliyokolea sana huonekana nyeusi zaidi. Edward VIII aliipenda bluu hiyo na kuieneza.

Mwaka 1966, huko Paris, mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent aliwashonea wanawake tuksedo yao. Vipimo vilibadilika kufuata mwili wa kike, lakini utepe wa satini ubavuni mwa suruali aliuacha palepale.