Hadithi za Polisi na Damu ya Ndugu Yetu

Vitabu vya polisi vinasomwa sana hapa Lubumbashi. Vinauzwa chini, kandokando ya njia, vimechakaa. Siku hizi vinapita hata katika telefone. Frateri anavisoma wakati wa likizo, katekista anaviona mikononi mwa vijana wake. Mara nyingi sisi watu wa Kanisa tunavipima kwa ulizo moja tu: je, kuna uchafu ndani? Ulizo hilo ni zuri, lakini halitoshi. Kitabu kinaweza kukosa neno chafu hata moja, na bado kikamfundisha msomaji kudharau mtu mweusi, pengine kujidharau yeye mwenyewe. Shauri hilo ndilo tunataka kulichunguza hapa.

Kwanza tuwe watu wa haki. Hadithi ya polisi si kitu kibaya kwa asili yake. Mwingereza Chesterton, aliyeingia Kanisa Katolika mwaka wa 1922, aliandika hadithi za Padri Brown. Padri huyo anawajua wauaji kwa sababu ameijua mioyo ya wakosefu katika kitubio. Na sheria ya hadithi hizi ni nzuri: mtu akiuawa, watu hawana ruhusa ya kuendelea na safari yao kama kwamba hakuna neno. Lazima mmoja aulize: nani amemwua, na kwa sababu gani? Ulizo hilo ni la zamani sana. Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha Mungu mwenyewe akimwuliza Kaini habari za ndugu yake.

Basi, kipimo chetu ni hiki: katika kitabu unachosoma, ni kifo cha nani kinachoulizwa? Na ni maiti ya nani inayorukwa tu?

Tuchukue mfano unaotuhusu sisi wenyewe. Wilbur Smith alizaliwa mwaka wa 1933 katika Rodezia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, jirani yetu. Mwaka wa 1965 alitoa kitabu The Dark of the Sun. Ndani yake treni inatoka Elisabethville, mji wetu huu, na askari wa kulipwa wanakwenda kuokoa watu na kuleta almasi. Mwaka wa 1968 kitabu hicho kilifanywa sinema, nayo sehemu kubwa ilipigwa kule Jamaica. Nchi iliyoonyeshwa kuwa Kongo haikuwa hata Kongo.

Katika sinema hiyo, Henlein, Mnazi wa zamani, anaua watoto wawili weusi. Wenzake wanakasirika, lakini treni inaendelea. Watoto hawana jina, hawana mama, hawana malalo. Baadaye Henlein anamwua Ruffo, Mwafrika rafiki wa kapiteni Curry. Sasa Curry anamfuata mpaka anamwua, kisha anajitoa mwenyewe ahukumiwe. Hapo tunakiri uzuri: mtu mweusi mmoja amepewa jina na heshima, na mzungu amesikia sauti ya dhamiri. Lakini tuangalie vema. Ruffo anaulizwa kwa kuwa alikuwa rafiki wa kapiteni. Wale wadogo wawili hawakuwa marafiki wa mtu. Na waasi wote ni kundi moja lenye kulewa na kupiga kelele. Hatuambiwi wanataka nini.

Gérard de Villiers naye, ambaye vitabu vyake vya SAS vilienea po pote panaposomwa Kifaransa, mwaka wa 1967 alimpeleka mpelelezi wake Burundi. Kitabu kiliitwa SAS broie du noir. Mfaransa anasema hivyo juu ya mtu mwenye huzuni. Lakini juu ya kitabu cha Burundi maneno hayo yanasikilika kama kusaga watu weusi. Mchezo umeanza tangu ganda la kitabu.

Mtu atatujibu: Je, ukatili ule haukuwa wa kweli? Ulikuwa wa kweli. Kanisa linajua kuliko wengine. Mwenye heri Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Lakini tazameni namna Kanisa lilivyofanya. Lilitaja jina la marehemu, lilitaja na jina la mwuaji, Kolonele Olombe; na mwaka wa 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili, alipomtangaza Anuarite kuwa mwenye heri, alimsamehe mwuaji mbele ya watu wote. Huwezi kusamehe kundi lisilo na uso. Unamsamehe mtu mwenye jina, aliyeweza kutenda mema akachagua mabaya. Mwandishi anayesema kwamba ukatili uko katika damu ya taifa anafuta dhambi pamoja na toba.

Tena, hatia kubwa ya mji wetu haifanani na vitabu hivyo hata kidogo. Tarehe 17 Januari 1961 ndeke ilishuka Luano pamoja na Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule ule walipigwa risasi porini. Hapakuwa na kundi la walevi. Palikuwa na mawaziri wa Katanga, na maofisa Wabelgiji, na magari, na amri. Baadaye maiti ziliyeyushwa kwa asidi kusudi pasiwe na kitu cha kuuliza. Lakini ulizo halikuyeyuka. Mwaka wa 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilisema kwamba mawaziri fulani wa Ubelgiji walikuwa na madaraka ya kimaadili katika mambo yale. Mwaka wa 2022 jino moja lilirudishwa kwa jamaa, likapitishwa hata Shilatembo, fasi ya kifo chenyewe. Hadithi gani ya polisi imethubutu kusimulia hivyo?

Je, waandishi Waafrika wametengeneza kosa? Mtanzania Elvis Musiba alianza mwaka wa 1974 na Kufa na Kupona, halafu katika Kikosi cha Kisasi akamleta mpelelezi wake Willy Gamba mpaka Kinshasa. Hapa mwenye kuuliza ni Mwafrika, na wenye hatia ni watumishi wa ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini. Tulifurahi. Lakini Gamba naye anaua pasipo tribinali. Kubadili rangi ya mwenye bunduki si kuleta haki.

Aliyekaribia zaidi, kwa maoni yetu, ni Mwingereza John le Carré katika The Mission Song, mwaka wa 2006. Salvo, mtoto wa misionari Muirlandi na mama Mkongomani, ni mkalimani wa Kiswahili na lugha za Kivu. Katika kisiwa cha Ulaya ya kaskazini anasikia kwa siri wakubwa wakigawana madini yetu, anasikia na Haj, mtu wa Bukavu, akiteswa. Tangu hapo hawezi tena kufasiri maneno tu. Wenye hatia wana majina, tena wengine ni Waingereza wenye heshima. Neno moja tunalilaumu: watu wa Kivu wenyewe, wale watakaokufa, wako mbali, hatuwaoni.

Ndugu zetu mafrateri na makatekista, hatuwakatazi vitabu hivi. Someni, lakini hesabuni wafu. Mwisho wa kitabu, ulizeni ni wangapi waliokufa pasipo jina, na walikuwa na rangi gani. Wapeni vijana wenu ulizo hilo hilo. Kisha mjiulize ninyi wenyewe kama katika mahubiri yetu pia, tunaposema juu ya vita vya Beni au vya Goma, tunawataja ndugu waliokufa, ao tunasema hesabu tu. Bwana hakumwuliza Kaini hesabu ya wafu.