Kikohozi kimoja, mapigo yote yakapotea

Kizingiti cha kutambua mapigo ya moyo hakiwekwi kwenye nusu ya kilele kirefu kuliko vyote. Aliyeamua hivyo katika programu ya simu ya kusoma ECG tuliyoonyeshwa Tarime amekosea, na kosa lenyewe si dogo.

Tuliokuwepo tuliona. Mama amelala kitandani kituo cha afya, elektrodi zimeshika vizuri, mchoro wa ECG unatembea, kioo kinasoma 76. Kwa baridi ile ya asubuhi, mama akakohoa. Mstari ukaruka juu mara moja, ukarudi. Mapigo yakaendelea kuchorwa mbele ya macho yetu, marefu kama mwanzo, lakini namba ikaporomoka: 60, 41, kisha vistari vitupu. Nesi akamshika mama mkono, akatazama saa ya ukutani, akahesabu dakika nzima. Akapata 78.

Tupige hesabu. Kilele cha R, yaani mruko mrefu wa kila pigo kwenye mchoro, kilikuwa kama milivolti 1, kikohozi kikafika 3. Nusu ya 3 ni 1.5. Hapo hakuna pigo la mama lililoweza kuvuka tena, na programu haikuwa na njia yoyote ya kukishusha kizingiti chake.

Wahandisi Jiapu Pan na Willis Tompkins walilimaliza jambo hili mwaka 1985 kwa mbinu yao ya kutambua mapigo. Kwao kilele kipya huchangia moja ya nane tu ya makadirio ya urefu wa kilele. Saba ya nane hutoka kwenye mapigo yaliyotangulia. Kikohozi kile kingepandisha makadirio kutoka 1 hadi 1.25 tu, na kizingiti chao, ambacho hukaa robo ya njia kutoka kwenye kelele kwenda kwenye makadirio hayo, kingebaki chini ya 0.4 kelele ikiwa ndogo. Mapigo yangepita yote. Hata moja likiponyoka, muda ukizidi asilimia 166 ya wastani wa nafasi kati ya mapigo, programu hurudi nyuma na kulitafuta kwa nusu ya kizingiti. Waliyafanya hayo kwa prosesa ya Z80, sampuli 200 kwa sekunde, wakatambua sawasawa asilimia 99.3 ya mapigo katika rekodi za ECG za hifadhi ya MIT-BIH. Simu ya leo haina kisingizio.



Na namba ya uongo kama 41 humtoa mtu nyumbani. Mgonjwa wa Mugumu au Nyamongo akipewa rufaa kwa namba hiyo, ukoo utachanga nauli hadi hospitali ya Bugando, aambiwe moyo ni mzima. Na siku moyo utakapozorota kweli, nesi aliyezoea vistari vya uongo hatashtuka.

Ndugu zangu wa vituo vya afya, kabla ya kununua, mwambieni mgonjwa akohoe. Programu isiyostahimili kikohozi isiingie wodini.