Pini Mpya, Tatizo Lile Lile

Presi ilikuwa inagonga. Mzee aliponipigia simu, hilo ndilo alilolitaja kwanza: kila akirudisha mkono juu, husikia "kop" kabla pistoni haijaanza kuteremka. La pili alilisema kama nyongeza tu, kwamba maganda yake ya risasi hayatoki sawa. Mimi nililishika hilo la pili.

Mzee huyu ni mwindaji, jirani yangu hapa Pennsylvania. Ananijua kama fundi wa kuchonga vyuma, basi chochote cha chuma kikimsumbua hunijia mimi. Kwake kujaza risasi upya ni shughuli ya jioni, kama mwingine anavyofuma sweta. Kwetu Kenya ukijaza risasi nyumbani bila kibali utajieleza mahakamani. Marekani, mtu anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu.

Kazi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Ganda la shaba likishafyatuliwa huwa limetanuka. Unalipaka mafuta maalumu, unaliweka kwenye kikamatio kilicho juu ya pistoni, unashusha mkono wa presi, na pistoni inalisukuma ganda ndani ya dai. Dai linalibana lirudi umbo lake na kung'oa fataki iliyokwisha kuwaka. Bunduki yake ni .308 Winchester, na alitaka bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, lirudi nyuma inchi 0.002, yaani kama nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Alichokuwa akipata ni ganda moja kurudi 0.001 na linalofuata 0.007. Si mchezo huo. Bega likibaki juu, bolti inagoma kufunga. Likishuka mno, shaba inavutika kila inapofyatuliwa, na baada ya mara kadhaa inakatika karibu na kitako, ndani ya chemba.

Kabla ya kunipigia alikuwa ameshaagiza pini mpya za vikono vya chini, vile vinavyoisukuma pistoni, na kuzifunga mwenyewe. Mlio ukaisha. Maganda yakaendelea vilevile.

Hapo ndipo wengi hupotea, na hata mimi ilinibidi nichore kwenye karatasi kwanza. Pini iliyolika ina nafasi ya kucheza, kweli. Lakini tazama mzigo unaelekea wapi. Wakati wa kubana, ganda linaisukuma pistoni chini, vikono vinabanwa, na kila pini inaegemea upande mmoja wa tundu lake. Uzito wa pistoni yenyewe unasukuma upande huohuo hata kabla ganda halijagusa dai. Kwa hiyo nafasi ile imeshamezwa mapema, na haibadiliki sana kutoka ganda hadi ganda. Inajitokeza pale unapolivuta ganda lililong'ang'ania ndani ya dai: mzigo unageuka, pini zinarukia upande wa pili, na ndiyo ile "kop". Mlio ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa unaeleza habari nyingine.

Jumamosi nikaenda na filageji, zile bapa nyembamba za kupimia nafasi, na saa ya kupimia. Tulianza na jaribio la mwanga, ambalo halina gharama yoyote. Pandisha pistoni bila ganda, teremsha dai mpaka liguse kikamatio, chungulia katikati: giza. Sasa weka ganda lililopakwa mafuta, shusha mkono mpaka mwisho, chungulia tena. Tuliona mstari mwembamba wa mwanga, na ubapa wa 0.003 ukapita. Mzee akasema, "Si unaona? Imekwisha hii." Haijaisha. Kila presi, hata ile nzito ya chuma cha kusubu, hunyooka kidogo ikibeba mzigo, na dawa yake ni kulizungusha dai chini kidogo zaidi. Kilichonitia shaka ni kwamba kwa ganda la pili ubapa huohuo haukupita, na kwa la tatu ulipita ukiwa umelegea.

Nikatoa kikamatio. Kwa kawaida hushikwa na waya wa springi, ukivuta unasikia kinaachia. Hiki kilitoka chenyewe kama jino bovu. Waya ulikuwa umechoka. Chini yake, juu ya uso wa pistoni, palikuwa na utandu mweusi mgumu. Nikaupitisha ukucha, ukabanduka kama masizi ya sufuria. Ndiyo maana kikamatio hakikukaa kimo kilekile kila mara.

Utandu huo ni masalia ya fataki. Mchanganyiko wa fataki za kawaida una kampaundi ya risasi, yaani yale madini ya ledi, pamoja na bariamu na salfaidi ya antimoni. Masalia yake ni vumbi gumu, na likikutana na mafuta ya kulainishia linakuwa sawasawa na ile dawa ya kusagia vali za injini. Ndiyo maana pini za mzee zililika, na pistoni yake ina michirizi. Pia lina sumu: futa kwa kitambaa kilicholowa, usipulize, na usile mpaka umenawa.

Tukasafisha, tukabadilisha waya, tukabana maganda 10. Tofauti ikashuka hadi 0.003. Nafuu, ila bado. Nikamuuliza maganda haya yamefyatuliwa mara ngapi. Akakuna kichwa. Mengine mara mbili, mengine saba, yote kopo moja. Shaba iliyofyatuliwa mara nyingi imekuwa ngumu, nayo ukiibana hurudi nyuma kama springi zaidi kuliko ile changa. Tukayatenga, tukapaka mafuta kwa kipimo kimoja, tukasubiri kidogo pistoni ikiwa juu kabla ya kuishusha. Tofauti ikawa 0.001.

Alikuwa bado anataka kubadilisha pistoni kwa sababu ukiitikisa inacheza kushoto na kulia. Nilimkatalia. Ganda hujitafutia katikati likiingia ndani ya dai, na presi ya Co-Ax ya kampuni ya Forster imeundwa makusudi dai lake lielee kidogo.

Basi kama una presi ya namna hii, kabla hujaagiza spea, toa kikamatio utazame chini yake, kisha yatenge maganda kwa idadi ya mara yalizofyatuliwa. Pini za mzee zilistahili kubadilishwa, ila zingeweza kungoja.