Karafuu na akidi ya bakteria

Nje ya misikiti ya Majengo, Mombasa, vijiti vya mswaki havikosi mnunuzi. Ncha humenywa gome, hutafunwa hadi ichambuke nyuzi, kisha jino husuguliwa. Kinachoondolewa ni ukoga: bakteria walioshikamana na jino na kujifunika ute wao wenyewe. Jino likianza kuuma, mtu hubana karafuu. Je, karafuu huua bakteria, au huwanyamazisha?

Maana bakteria nao, kama wajumbe wa mkutano, husubiri akidi. Kila mmoja hutoa chembe za kemikali, ambazo ndizo ujumbe wake. Wakiwa wengi chembe hujazana, na zikifikia kiwango fulani, wote hubadilika kwa pamoja. Wengine hutoa sumu, wengine hujenga utando kama ule wa ukoga.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Malaya, Malaysia, walichapisha jaribio la karafuu. Walimtumia Chromobacterium violaceum wa aina ya CV026, bakteria mwenye kasoro yenye faida: hawezi kutengeneza ujumbe wake, ila akipewa wa nje huusikia na kugeuka zambarau. Wakampa ujumbe pamoja na karafuu iliyolowekwa katika viyeyusho, heksani au methanoli. Zambarau ikazuiwa.

Hapo pana mtego, kwani bakteria mfu naye hana rangi. Kwa hiyo katika majaribio ya namna hii mimi hutazama kwanza duara linalozunguka dawa kwenye sahani ya bakteria. Likiwa angavu hadi chini ya sahani, dawa imeua. Likiwa na ukungu mweupe, bakteria wameota, wazima, ila hawatoi rangi. Ukungu huo ndio ushahidi wa ukimya.

Lakini karafuu ya kwenye chai imechemshwa kwa maji, haikulowekwa katika heksani. Tena CV026 husikia lugha moja tu, ya homoserini laktoni, ilhali streptokoki wa kinywani huwasiliana zaidi kwa vipande vifupi vya protini. Kwa ukoga, basi, utando wenyewe lazima upimwe: bakteria wa kinywani waachwe waujenge, penye karafuu na pasipo karafuu, kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, sahani ioshwe, na kilichoganda kipakwe GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Rangi iliyoshika ndiyo kipimo cha utando uliobaki.